Piga Picha Itakayokuwa Shahidi wa Shamba Lako

Wako wakulima wa Ziwa Kenyatta, Hindi, Magogoni na Witu walio na kamera ndogo ya dijitali, ile inayoenea katika kiganja cha mkono na yenye lenzi inayotoka nje na kurudi ndani. Wengine wameletewa na watoto wao walioko mjini, na wengine wameinunua kwa shirika na jirani. Mara nyingi kamera hiyo hutolewa siku ya arusi, siku ya Idi au ya Krismasi, kisha hurudishwa sandukuni. Maneno haya yataka kukuonyesha kwamba kamera ni chombo cha kazi kama jembe na panga, na kwamba ikitumiwa vizuri yaweza kukuokolea mazao na fedha.

Fikiri jambo hili. Mahindi yako yanaliwa na mdudu usiyemjua. Bwana Shamba ana vijiji vingi vya kuzungukia, na huenda asifike kwako leo wala kesho. Mtaalamu wa wadudu yuko mbali zaidi, katika kituo cha utafiti cha KALRO huko Mtwapa, kupita Garsen na Malindi. Huwezi kulibeba shamba ukampelekea, lakini waweza kumpelekea picha. Picha ikiwa safi, aweza kukuambia jina la mdudu siku ile ile. Picha ikiwa na ukungu, atabahatisha, nawe utanunua dawa ya kubahatisha. Dawa isiyofaa haiponyi mmea, ila yapunguza fedha mfukoni na kumwacha mdudu akila.

Kwa hiyo shika neno hili moja kabla ya mengine yote: picha ya shamba si pambo, ni shahidi. Mtu atakayeitazama hakuwako shambani, naye ataona yale tu ambayo kamera imeona. Shahidi aliyesimama mbali, aliyetetemeka au aliyefumba macho, ushahidi wake haufai.

MIGUU KWANZA, ZUMU BAADAYE

Kamera hizi zina kitufe cha kuvuta kitu cha mbali kionekane karibu. Kazi hiyo huitwa zumu, nayo ndiyo inayowapendeza watu wengi na ndiyo inayowaharibia picha nyingi. Yafaa ujue kwamba zumu ni za namna mbili.

Ya kwanza ni zumu ya kweli, ifanywayo na lenzi yenyewe. Vioo vya ndani husogea, na kitu huonekana kikubwa bila kupoteza usafi wake. Nambari kama 3x au 5x iliyoandikwa karibu na lenzi ndiyo kipimo cha zumu hiyo.

Ya pili ni zumu ya uongo. Lenzi ikifika mwisho wake, kamera huchukua sehemu ya katikati ya picha, huikata na kuitanua. Hakuna jambo jipya linaloonekana, ni kama kuvuta kitambaa kidogo kiwe shuka. Ukibonyeza kitufe cha zumu utaona mstari juu ya kioo cha nyuma, wenye alama inayoonyesha mahali zumu ya kweli inapokoma. Usiipite alama hiyo. Kamera nyingi hukuruhusu kuizima kabisa zumu ya uongo katika orodha ya mipangilio, na ni vema ufanye hivyo.

Hata zumu ya kweli ina gharama yake. Ukivuta kitu mara tano, na mtetemo wa mkono wako wavutwa vivyo hivyo. Tena lenzi ndogo ikivutwa mpaka mwisho huingiza mwanga kidogo, kwa hiyo kamera hukaa na jicho wazi kwa muda mrefu zaidi, na katika muda huo mkono hutikisika. Ndiyo sababu picha nyingi za mbali huwa na ukungu.

Basi kama kitu chafikika kwa miguu, kifikie. Rudisha zumu mwanzo, kisha sogea. Weka zumu kwa vitu visivyofikika au visivyofaa kukaribiwa, kama vile maua ya kilele cha mkorosho, nyuki katika tundu la mti, au nyati aliyesimama ukingoni mwa pori.

Mwenye simu yenye kamera afuate maneno haya haya. Simu nyingi hazina zumu ya kweli kabisa, kwa hiyo kwake miguu yafaa zaidi.

SHIKA KAMERA ISITETEMEKE

Tumia mikono miwili. Bana viwiko vya mikono mbavuni, simama miguu ikiwa imeachana kidogo, na ukiweza egemea mnazi au nguzo ya ua. Ukipiga picha ya kitu cha chini, piga goti moja na uweke kiwiko juu ya goti la pili.

Kitufe cha kupigia picha kina hatua mbili, na watu wengi hawalijui jambo hili. Kibonyeze nusu kwanza, ungoje. Kamera itapima umbali na mwanga, kisha katika kamera nyingi mraba wa kijani utatokea juu ya kioo. Hapo malizia kubonyeza polepole, na usiishushe kamera mara moja. Anayekigonga kitufe kwa nguvu kama apigaye msumari hupata picha ya mtetemo.

Mraba ule wa kijani ukikaa juu ya jani la nyuma badala ya mdudu umtakaye, achia kitufe na ujaribu tena. Kamera haijui wewe wataka nini. Yenyewe hushika kile ilichokiona kwanza.

JUA NA KIVULI

Sisi wa Lamu tuko kama nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini au karibu nalo. Sehemu ya juu ya jani hung'aa kama bati na sehemu ya chini huwa nyeusi kama chungu. Kamera haiwezi kuona yote mawili kwa mara moja kama jicho la mtu lionavyo.

Saa njema ni kutoka saa moja hadi saa tatu asubuhi, na tena kutoka saa kumi alasiri hadi jua linapokaribia kutua. Siku ya mawingu mepesi ni njema kutwa nzima. Asubuhi ina faida nyingine, kwani upepo wa baharini huwa haujaongeza nguvu, na majani yametulia. Wakati wa kusi waweza kungoja sana mpaka jani la mhindi litulie, kwa hiyo mwombe mtoto alishike kikonyo bila kuugusa mahali penye ugonjwa.

Kama ni lazima upige mchana, simama wewe au mwenzio ili kivuli chenu kiufunike mmea wote mnaoupiga. Kivuli cha nusu ni kibaya kuliko jua lenyewe.

Usipige jani likiwa na mbingu nyeupe nyuma yake, maana kamera itapima mbingu na jani litakuwa jeusi. Weka kitu cha rangi moja nyuma yake, kama vile gunia, kitambaa cheusi au kiganja chako. Kanga yenye maua haifai kwa kazi hii, kwani mtazamaji hatajua yapi ni madoa ya ugonjwa na yapi ni ya nguo. Ubwiriunga wa mikorosho, ule unga mweupe juu ya maua, hauonekani kabisa mbele ya mbingu, bali mbele ya kitambaa cheusi huonekana wazi.

Pamba iliyopasuka ina shida yake. Weupe wake hung'aa hata alama zote hupotea. Kamera nyingi zina kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Punguza hatua moja kuelekea kutoa, nawe utaona nyuzi na madoa yake.

Mwisho, usilichume jani ukaenda kulipiga picha usiku chini ya taa. Jani lililochumwa hunyauka upesi, na taa ya manjano hubadilisha rangi. Rangi ndiyo ushahidi wenyewe. Jani la kijani likionekana la manjano, utaambiwa shamba lakosa mbolea na kumbe halikosi.

KARIBU SANA: ALAMA YA UA

Tafuta kitufe chenye alama ya ua dogo. Ua hilo ni la kuiambia kamera kwamba kitu kiko karibu sana. Bila alama hiyo kamera nyingi hukataa kuona vizuri kitu kilicho karibu kuliko hatua moja. Ukiiweka, na ukirudisha zumu mwanzo, kamera nyingi huona hata kwa umbali wa vidole vitatu au vinne. Kila kamera ina kipimo chake, kwa hiyo ukiona ukungu, rudi nyuma kidogo kidogo mpaka picha iwe safi.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Chukua mfano wa viwavijeshi vamizi, waliothibitishwa kuwako Kenya mwaka 2017. Kwa mbali kiwavi huyu ni kama funza wengine wa mahindi. Mtaalamu humtambua kwa alama mbili: kichwani ana mstari mweupe mfano wa herufi Y iliyopinduliwa juu chini, na kwenye pingili ya pili kutoka mwisho ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba. Alama hizi ni ndogo mno. Picha isiyozionyesha yasema tu kwamba kuna mdudu, na hilo ulikwisha kulijua mwenyewe.

Kuna programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotolewa mwaka 2018 na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa pamoja na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, ambayo hutazama majani kwa kamera ya simu na kusema kama yameliwa na kiwavi huyu. Nayo pia yategemea picha safi. Mashine na mtu ni sawa katika jambo hili, kwani hakuna awezaye kusoma barua iliyofutika.

Tena kumbuka kwamba magonjwa mengine hayaonekani kwa nje. Batobato ya muhogo huonekana majani yakiwa na mabaka na kujikunja. Lakini michirizi ya kahawia huweza kuwa hafifu katika majani, huku mizizi yaoza ndani kwa madoa makavu ya kahawia. Mwenye kupiga picha ya majani peke yake amemwacha mshtakiwa ndani na kumpiga picha mlinzi wa mlango. Ng'oa mzizi mmoja, ukate kwa kisu, upige picha ule mkato. Vivyo hivyo kitumba cha pamba chenye tundu kipasue, umwonyeshe funza aliye ndani. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

PICHA NNE ZINAZOTOSHA

Usitume picha moja, wala usitume arobaini. Piga nne kwa mpango huu:

1. Picha ya karatasi. Andika kwa herufi kubwa tarehe, nambari ya shamba lako, jina la zao na aina ya mbegu, juma ulilopanda, na dawa au mbolea uliyotia. Ipige picha karatasi hiyo kwanza.

2. Picha ya shamba zima. Simama pembeni, zumu ikiwa mwanzo. Mtazamaji ataka kujua kama ugonjwa uko pande zote, au mabondeni tu, au kando ya njia.

3. Picha ya mmea mmoja, kutoka ardhini hadi kileleni. Kama ni majani ya chini yanayougua, au ya juu, hilo lina maana kubwa kwake.

4. Picha ya karibu sana ya doa, tundu au mdudu. Weka kando yake kibiriti au sarafu, ili ukubwa ujulikane.

Kabla hujaondoka shambani, itazame kila picha katika kioo cha nyuma. Kikinge kioo na jua kwa kofia. Halafu bonyeza zumu ukiwa unatazama picha, nayo itakua kiooni, na utaona kama mdudu ni safi au ana ukungu. Kama si safi, piga tena papo hapo. Haraka haraka haina baraka, na kurudi tena kesho ni kazi mara mbili.

WANYAMA WA PORI WAKIHARIBU SHAMBA

Jambo hili latuhusu sana sisi tunaolima karibu na pori na maji. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inampa nafasi ya kudai fidia mkulima ambaye mazao yake yameharibiwa na wanyama waliotajwa ndani yake, kama vile ndovu, nyati na kiboko. Madai hupelekwa kwa kamati ya kaunti. Lakini sheria hiyo hiyo yasema kwamba fidia hailipwi ikiwa mwenye mazao hakuchukua hatua za kufaa kuyalinda. Na ijulikane kwamba katika Kenya madai mengi yamekaa muda mrefu kabla ya kulipwa. Kwa hiyo wahitaji shahidi asiyesahau.

Picha haichukui nafasi ya afisa kufika shambani. Toa habari upesi kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, na kwa Bwana Shamba. Lakini mvua yaweza kufuta nyayo kabla hawajafika. Asubuhi ile ile, kabla ya kusafisha chochote, fanya hivi:

Piga picha ya karatasi kama tulivyosema. Piga sehemu iliyoharibiwa kutoka pembe zake mbili, ukiingiza ndani ya picha kitu kisichohama, kama nyumba, mwembe au kisima, ili isije ikasemwa kwamba hilo ni shamba la mtu mwingine. Piga sehemu iliyosalia vilevile, ili ionekane mazao yalikuwa na afya gani.

Piga nyayo. Weka panga au kibiriti kando ya unyayo, nawe uelekeze kamera chini moja kwa moja. Saa moja asubuhi ndiyo saa ya kazi hii, kwani jua la upande hujaza kivuli ndani ya unyayo na umbo lake huonekana. Saa sita unyayo ule ule huwa kama mchanga mtupu. Kiboko ana vidole vinne, nyati ana kwato iliyopasuliwa mara mbili, na ndovu ana duara kubwa. Piga na kinyesi pia.

Kisha piga picha ya ulinzi wako: ua, mahali ulipovunjwa, dungu la kulindia, na jivu la moto uliowasha usiku. Wengi huisahau picha hii, nayo ndiyo inayojibu swali kwamba ulilinda au hukulinda. Ni vema upige picha ya ua wako mapema, mazao yakiwa bado mazima.

Hakikisha saa na tarehe ndani ya kamera ni sahihi. Kamera huandika tarehe ndani ya kila picha. Betri ikikaa tupu kwa muda mrefu tarehe hupotea, na picha ya juzi huenda ikaonekana ni ya miaka mingi iliyopita. Shahidi aliyekosea siku huleta mashaka juu ya maneno yake yote.

Na mnyama akiwa bado yupo, usimfuate kwa ajili ya picha. Hapa ndipo zumu ina kazi yake. Egemea ukuta wa nyumba, vuta kwa lenzi, piga, uondoke. Usiku usijaribu, taa ya kamera ndogo hufika hatua chache tu, na haitakuonyesha nyati wala kukukinga naye.

KUTUNZA NA KUTUMA

Adui za kamera katika nchi yetu ni mchanga, chumvi na maji. Chembe moja ya mchanga ikiingia pale lenzi inapotoka yaweza kuikwamisha kabisa. Usiiwashe kamera palipo na vumbi la upepo, na ukivuka kutoka Mokowe kwenda kisiwani iweke ndani ya mfuko usiopitisha maji uliofungwa vizuri. Lenzi ipangushe kwa kitambaa laini kilicho safi, baada ya kupuliza vumbi kwanza. Usitumie upindo wa shati la kazi.

Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hupunguzwa ukubwa, na ile herufi Y ya kiwavi yaweza kupotea njiani. Itume kama hati, nayo itafika kamili. Picha za madai ya fidia ziweke mahali pawili, mathalan katika kadi ya kamera na katika kompyuta ya chama au ya mtoto wako. Usizifute mpaka shauri limekwisha.

Basi, Ndugu Mkulima, usingoje siku ya hasara ndipo ujifunze. Kesho saa moja asubuhi nenda shambani na kamera yako. Chagua mmea mmoja, sogea kwa miguu, weka alama ya ua, bonyeza nusu, ngoja, malizia. Kuza picha kiooni uitazame. Fanya hivyo mara kumi, na mkono wako utakuwa umezoea. Siku kiwavi au kiboko atakapoingia, hutaanza kutafuta vitufe. Utakuwa na shahidi tayari.